Ng'ombe Wawili Waliokuja kwa Meli

Sura ya Saba

Watu wa chama cha wafugaji walimwita Bi Nasaba, na yeye hakuona ubaya. Ungemwonyesha ng'ombe yeyote wa mkanda, wale wekundu wenye mstari mpana mweupe kiunoni, angekutajia mama yake, bibi yake, na dume aliyempanda bibi yake, bila kufungua daftari. Ng'ombe wa aina hiyo walikuwa wamebaki mia tatu na kitu tu. Wote walikuwa wameandikwa kwenye madaftari saba manene yaliyokaa kabatini nyuma ya kiti chake, na ufunguo wa kabati aliuvaa shingoni kama mkufu. Miaka sita alikuwa akichimbua koo za ng'ombe wa watu, na hakuwahi kujuta kuujua ukoo wowote, mpaka wiki hiyo.

Bahasha ilifika Jumatatu. Alhamisi ilikuwa bado imelala kwenye droo chini ya mhuri, na kila alipoifungua droo kutafuta kalamu, aliifunga tena mikono mitupu.

Mlango ukabishwa mara mbili, ukafunguka kabla hajasema karibu. Alijua ni nani. Mtu mmoja tu duniani alikuwa akija ofisini kwake na buti za mpira zilizooshwa mpaka zikang'aa na mikono inayonukia sabuni kupita kiasi. Kazi yake ilikuwa kupandisha ng'ombe kwa mrija, kuwatafutia waume walioko nchi za mbali ambao hawatawaona maisha yao yote, kwa hiyo wafugaji walimwita Mshenga. "Unaoza ng'ombe wa watu wote, wewe mwenyewe unaoa lini?" walimtania. Naye alikuwa akijibu, "Mkwe hataki," wakacheka wakidhani ni mzaha.

"Umenikwepa siku tatu," Mshenga alisema.

"Nina kazi."

"Wiki iliyopita pia ulikuwa na kazi, na ulinipigia simu kuniuliza kama nimekula."

"Umekula?"

"Usinizungushe." Alivuta kiti, akakaa. Macho yake yalikuwa na ile namna ya kumtazama ambayo ilimfanya Bi Nasaba asahau alikuwa anahesabu nini. "Majibu ya nywele yamerudi, sivyo? Mimi ndiye niliyezing'oa zile nywele mkiani. Ng'ombe wa baba yako alinipiga teke gotini, mpaka leo napanda ngazi kama mzee. Nina haki ya kujua teke lile limezaa nini."

Bi Nasaba alicheka bila kutaka. Aliivuta droo, akamsukumia bahasha juu ya meza.

Ili ueleweke uzito wa bahasha hiyo, lazima nikurudishe nyuma miaka thelathini na miwili. Baba yake Bi Nasaba, ambaye watu wote walimwita Mwalimu kwa sababu alifundisha hesabu mpaka akastaafu, alikuwa na rafiki wa kufa na kuzikana, mfugaji jirani. Huyo ndiye baba yake Mshenga. Wawili hao waliagiza pamoja ng'ombe wawili wa mkanda kutoka ng'ambo, wakaletwa kwa meli, wakakaa karantini miezi miwili. Ng'ombe walifanana kama macho mawili ya uso mmoja. Cha kuwatofautisha kilikuwa namba zilizokatwa masikioni: mmoja alikuwa Kumi na Mbili, wa ukoo uliosifika, mwingine Ishirini na Moja, wa ukoo wa kawaida tu. Marafiki wakapiga kura. Mwalimu akapata Kumi na Mbili. Siku ya kuwachukua, alisoma masikio mwenyewe, akampeleka wake nyumbani.

Mwaka wa tatu ukaja na shubiri. Ng'ombe wa Mwalimu alizaa ndama wanyonge, wa rafiki yake akazaa mitamba ya kutamanisha. Mwalimu akapiga hesabu zake, akapata jibu moja tu: rafiki yake, aliyelala karantini siku ya mwisho kuwalinda ng'ombe, aliwabadilisha. Alimwita mwizi mbele ya mkutano wa wafugaji. Tangu siku hiyo nyumba hizo mbili hazikusalimiana, hazikuzikana, na wazee wa upande wa Mshenga walipokuja kuposa, mara ya kwanza Mwalimu hakuwapokea. Mara ya pili aliwapokea, akawaambia wahesabu viatu vyao kabla ya kuondoka, maana akizoea kuishi na majirani wa aina yao naye ataambukizwa wizi.

Sasa chama kilitaka kuagiza mbegu za dume kutoka ng'ambo, mjukuu wa dada yake Kumi na Mbili. Mbegu hizo zilipangiwa kundi la baba yake Mshenga, kwa kuwa madaftari yalisema hao ni uzao wa Ishirini na Moja, damu nyingine kabisa. Mkutano wa kupitisha mpango ulikuwa Jumamosi. Kwa tahadhari tu, Bi Nasaba alipeleka nywele za makundi yote mawili zikapimwe kwanza na kulinganishwa na damu ya dume huyo, wasije wakapandishwa ndugu kwa ndugu.

Mshenga alisoma karatasi mara moja, akairudia tena akifuata kila mstari kwa kidole.

"Kundi letu ndilo la Kumi na Mbili," alisema polepole.

"Ndiyo."

"Na la kwenu ni la Ishirini na Moja."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo ni kweli." Aliiweka karatasi chini kwa uangalifu kama kitu cha moto. "Darasa la tano nilimvunja jino mtoto wa watu kwa kusema baba yangu kaiba ng'ombe. Nikachapwa mbele ya shule nzima na sikulia, kwa sababu nilijua nina haki. Kumbe yule mtoto alikuwa anasema kweli."

"Sijamaliza."

"Ndiyo maana ulikuwa unanikwepa. Ulikuwa unatafuta namna ya kuniambia kwamba mimi na wewe basi."

"Nimesema sijamaliza. Mbona una haraka ya kuachwa?" Aliinuka, akazunguka meza. "Simama."

"Nini?"

"Simama pale dirishani. Nitazame. Sasa wewe ni ng'ombe."

"Ahsante sana."

"Nyoosha mkono wako wa kulia."

Mshenga aliunyoosha, bado uso umemsinyaa.

"Kwangu mimi ninayekutazama, mkono huo uko upande gani?"

"Kushoto kwako."

Bi Nasaba alisogea. Alimshika masikio yote mawili kwa vidole, kama mtu anayekagua mnyama mnadani, na kwa muda mfupi wote wawili walisahau habari ya ng'ombe. Alisikia joto la ngozi yake, akaona mshipa mdogo unaruka shingoni. Siku hizo tatu alikuwa amemkosa mtu huyu mpaka chakula kikakosa ladha. Alimwachia kabla hajasahau alichotaka kusema.

"Sikio la kushoto la ng'ombe lina makumi, la kulia lina mamoja," alisema, akirudi mezani. "Kumi na Mbili ana mkato mmoja kushoto na miwili kulia. Lakini kushoto kwa nani? Tazama hii. Barua ya wauzaji, niliikuta jana nyuma ya jalada la daftari la kwanza, imegandana na jalada kwa unyevu. Wanasema masikio husomwa ukiwa umesimama nyuma ya ng'ombe, mkiani, ili kulia kwake kuwe kulia kwako. Ukisoma ukiwa mbele yake..."

"Kumi na Mbili anakuwa Ishirini na Moja."

"Na Ishirini na Moja anakuwa Kumi na Mbili. Na hiki hapa ni kijitabu cha Baba, cha siku ile ya karantini. Alikitoa kwa chama mwenyewe, kiwe kumbukumbu." Alifungua ukurasa. Palikuwa na mchoro wa kalamu ya risasi: kichwa cha ng'ombe, macho mawili, matundu mawili ya pua, na masikio yenye mikato. Upande wa kushoto wa ukurasa mkato mmoja, upande wa kulia miwili. Chini yake, kwa mwandiko ulionyooka kama wa ubaoni: Kumi na Mbili, wangu.

Mshenga aliinama juu ya mchoro huo muda mrefu.

"Amemchora na macho," alisema mwishowe. "Na pua."

"Alikuwa amesimama mbele yake. Alisoma kinyume, akamchukua Ishirini na Moja kwa mikono yake. Baba yako alichukua aliyebaki. Hakuna aliyeiba."

Mshenga alikaa chini, akafunika uso kwa viganja vyote viwili, mabega yakamtikisika. Bi Nasaba hakujua kama analia au anacheka, na pengine yeye mwenyewe hakujua. Alipoinua kichwa macho yalikuwa mekundu.

"Jumamosi," alisema. "Utaisoma barua hii Jumamosi, mbele ya watu wote."

"Nataka nimwonyeshe Baba kwanza. Nyumbani."

"Ili aichane?"

"Baba hachani karatasi."

"Ataifanyia hesabu mpaka igeuke. Yule mzee akisema mbili na mbili ni tano, ujue kijiji kizima kitakosa usingizi kikitafuta ile moja. Baba yangu aliitwa mwizi mbele ya watu. Asafishwe mbele ya watu."

"Na wangu avuliwe nguo mbele ya watu?"

"Mimi nimesema hivyo?"

"Unachotaka ni hicho hicho. Mtu wa miaka sabini na moja, kazi yake yote ilikuwa kusahihisha wengine, asikie kwa mara ya kwanza kwenye kipaza sauti kwamba alishindwa kujua kulia na kushoto. Kutoka kwa mwanawe." Aliufunika mchoro kwa kiganja. "Ningekuwa ni mimi ninataka kumtendea hivyo baba yako, ungenipenda?"

Mshenga aliokota kofia yake, akaizungusha vidoleni.

"Na akikataa?"

"Maji nimeshayavulia nguo. Akikataa nitaisoma mwenyewe Jumamosi, kisha sitakuwa na pa kulala. Daftari langu haliandikwi uongo hata kwa ajili ya Baba."

"Pa kulala utakuwa napo," alisema kwa sauti ya chini.

"Sitaki kuja kwenu kama mkimbizi. Nataka kuja kama mtu aliyeombwa."

Mshenga aliivaa kofia. Alifika mlangoni, akageuka.

"Nakupa mpaka kesho jioni. Si kwa ajili yake."

"Najua ni kwa ajili ya nani," alisema Bi Nasaba, na alipobaki peke yake akalia, maana tangu Jumatatu alikuwa hajapata nafasi.

Nyumbani alimkuta Mwalimu mezani sebuleni, miwani puani, anasahihisha karatasi ya maziwa ya juma hilo. Mama alikuwa kwenye kiti cha dirishani, anashona kifungo cha shati. Jua la alasiri lilikuwa bado kali.

"Baba, nina karatasi mbili. Naomba uzisome kwa mpangilio wangu."

"Karatasi husomwa kwa mpangilio wa tarehe."

"Leo kwa mpangilio wangu. Shikamoo."

"Marahaba. Salamu ndiyo ilitakiwa kuja kwanza." Alipokea majibu ya nywele. Alisoma. Kisha akavua miwani, akaipangusa kwa pindo la shati, akaivaa tena. Bi Nasaba hakuwahi kumwona baba yake akisimama kwa kasi hiyo.

"Mama watoto, njoo uone. Nilisema nini? Miaka ishirini na tisa watu wananiona mkorofi, nilisema nini? Ng'ombe wangu yuko kwake. Sayansi imesema, si mimi." Aliipunga karatasi hewani kwa furaha, furaha chungu ambayo haikumfaa mtu wa umri wake. "Na wewe ulitaka nikuozeshe huko."

Mama hakuinuka. Alimtazama binti yake, akaiona sura yake, akaiweka sindano chini.

"Mwalimu," alisema, "mtoto amesema karatasi ni mbili."

Bi Nasaba aliweka barua mezani, na juu yake kijitabu kilichofunguliwa kwenye mchoro. Kidole cha Mwalimu kilitembea chini ya mistari, kikafika kwenye neno mkiani, kikasimama hapo. Kilihamia kwenye mchoro, kikagusa jicho la ng'ombe, kikagusa pua.

"Barua hii iliandikwa baadaye," alisema.

"Tarehe ipo juu, Baba. Ilikuja na meli ileile."

"Utaratibu wa ajabu. Nani anasimama mkiani kusoma masikio?"

"Wao."

"Amekutuma nani? Yule kijana wa mirija?"

"Hajanituma mtu. Yeye alitaka nisome Jumamosi mbele ya chama. Mimi nimekuja kwako." Alivuta pumzi. "Hapa mezani ulinifundisha kugawanya. Nilikuwa nikikosa, nalipaka jibu wino ili lisisomeke. Ukaniambia, jibu likikataa usilipake wino, rudi mstari wa kwanza. Nimerudi mstari wa kwanza, Baba. Kosa liko pale."

Mwalimu alikunja barua kwenye mikunjo yake ya zamani, akaiweka juu ya kijitabu, akavisogeza mpaka kingo zikalingana. Kisha akatoka kwa mlango wa nyuma bila kofia.

Bi Nasaba alitaka kumfuata. Mama alimshika mkono.

"Mwache. Mtu akijisahihisha haangaliwi."

Lakini wote wawili walichungulia dirishani. Mwalimu aliingia bandani, akasimama mbele ya ng'ombe mkubwa aliyekuwa kwenye hori. Aliinua mkono wake wa kulia, akautazama, akatazama sikio la ng'ombe. Akazunguka taratibu, akipapasa ubavu wa mnyama, mpaka akafika mkiani. Akainua mkono tena. Pale alikaa muda ambao ungetosha kukamua ng'ombe wawili, mgongo wake umeelekea nyumba, na mkono aliusahau hewani.

"Nilidhani nitafurahi," Mama alisema. "Nimeishi na mtu huyu miaka arobaini hajawahi kukosea. Hujui inavyochosha." Alijifuta macho kwa shati lenye kifungo kilichoshonwa nusu.

Mwalimu hakula chakula cha jioni, na hakusema neno. Bi Nasaba aliamka asubuhi akiwa ameshajipangia nguo kwenye sanduku dogo, maana aliijua hasira ya baba yake ya kimyakimya. Alipofika sebuleni alimkuta amenyoa ndevu, amevaa koti ambalo huvaliwa kwenye misiba na harusi, kijitabu na barua viko kwapani. Alilitazama lile sanduku mkononi mwa binti yake. Alielewa, na ikamuuma, ikaonekana.

"Rudisha hilo," alisema. "Washa gari. Na usiniulize tunakwenda wapi, njia unaijua kuliko mimi."

Baba yake Mshenga alikuwa anaosha sakafu ya banda kwa mpira wa maji, suruali ameikunja mpaka magotini. Mshenga mwenyewe alikuwa amemshika mtamba kamba, anamchunguza kwato. Gari liliposimama, Mshenga aliachia kwato. Alimtazama Bi Nasaba kupitia kioo, naye akatikisa kichwa kidogo kumwambia hata mimi sijui.

Mwalimu alishuka. Alitembea mpaka pale maji yalipoishia, akasimama kwenye ukingo kama mtu asiye na ruhusa ya kuvuka. Wazee wawili walitazamana. Baba yake Mshenga hakuufunga mpira, maji yakaendelea kumwagika juu ya buti zake.

"Swahiba," Mwalimu alisema.

Bi Nasaba hakuwahi kumsikia baba yake akilitamka neno hilo kwa mtu yeyote.

"Nilisoma masikio nikiwa nimesimama mbele," Mwalimu aliendelea, sauti imenyooka kama anayesoma hesabu ubaoni, ila ilikuwa ikikatika mwishoni mwa maneno. "Ilitakiwa nisome nyuma. Ng'ombe niliyemchukua ndiye niliyemchagua. Hukubadilisha kitu. Nilikuita mwizi mbele ya watu, na kesho mbele ya watu haohao nitasema nilichokuambia sasa. Barua nitaisoma mimi, si mtoto. Lakini niliona ni vibaya uisikie kesho, pamoja na wengine."

Baba yake Mshenga aliinama, akafunga maji. Alichukua muda mrefu kuliko bomba lilivyohitaji.

"Nilijua," alisema.

Mshenga aligeuka. "Baba?"

"Mwaka wa tatu. Yule ng'ombe alikuwa anazaa kwa shida, nikawa mkiani ninavuta ndama, nikainua macho, nikayaona masikio. Nikajiuliza mbona yanasomeka hivi. Kulikuwa na bwana mmoja aliyeleta dume kwa meli ya pili, nikamuuliza, akaniambia utaratibu. Nikavaa shati, nikaja kwako wiki ileile. Nilitaka nikuambie, kosa lilikuwa lako lakini ng'ombe ni wako, njoo tubadilishane." Alitema mate pembeni. "Nikaambiwa uko mkutanoni, nikakuta umeshasimama kusema. Nilisikia neno mwizi nikiwa bado sijakaa. Nikageuka. Nikasema, basi, kama mimi ni mwizi, acha niwe mwizi mwenye ng'ombe mzuri."

Mtamba alivuta kamba, Mshenga hakusikia.

"Miaka ishirini na tisa," Mwalimu alisema.

"Ndiyo. Ningeweza kuja tena. Kila mwaka nilisema nitakuja. Kiburi nacho ni ng'ombe, ukimlisha anakua." Alijipangusa mikono kwenye suruali. "Mke wangu alikufa akiniambia nenda. Kwa hiyo usisimame hapo kama wewe peke yako ndiye uliyekosa. Huyo mtamba aliyeshikwa na kijana ni kizazi cha saba cha Kumi na Mbili. Mchukue. Na mwingine mle ndani, mwenye mimba, mchukue."

"Sikuja kuchukua ng'ombe."

"Umekuja kufanya nini basi na koti la misiba?"

Mwalimu aligeuka, akamtazama binti yake aliyekuwa amesimama kando ya gari, mkono mdomoni. Kisha akamtazama Mshenga, kuanzia buti mpaka kofia, kwa mara ya kwanza bila kumhesabu na mwizi yeyote.

"Wewe," alimwambia. "Unamtaka kweli, au ni mchezo wa kumkomoa mzee?"

"Namtaka, Mwalimu. Tangu nilipoandikisha ndama wangu wa kwanza ofisini kwake, akanirudisha mara tatu kwa sababu tarehe zangu hazikuwa sawa. Mara ya tatu nilizikosea makusudi."

"Nilijua," alisema Bi Nasaba kwa sauti ndogo. "Ndama hazaliwi tarehe thelathini na mbili."

Wazee walisikia. Baba yake Mshenga alianza kucheka, akakohoa, akacheka tena. Mwalimu hakucheka, lakini midomo ilimtetemeka, naye akavuka ule ukingo, viatu vyake vya harusi vikaingia majini.

"Nimekuja kukuomba," alimwambia rafiki yake, na hapa sauti iliyonyooka ikamvunjikia kabisa, "uwalete tena wale wazee wako niliowafukuza. Najua mwenye binti hafuati. Najua nimejishusha. Nimekuja hivyohivyo."

Baba yake Mshenga alimshika mkono, wa kulia, akaukamata kwa mikono yake yote miwili iliyolowa.

"Hujasema, sijasikia," alisema. "Rudi nyumbani kwako, ukae kitini, uvae sura yako ya kuringa, utusumbue kidogo watu wajue binti ana kwao. Sisi ndio wa kuja."

"Lini?"

"Kesho una mkutano wako. Jumapili."

Mshenga alikuwa ameshaiachia kamba. Alisimama hatua mbili kutoka kwa Bi Nasaba, hakumgusa, wazee wakiwepo, lakini alimtazama naye akatazamwa, na machozi ambayo Bi Nasaba alikuwa ameyazuia tangu sebuleni yakamteremka bila aibu. Mtamba akajiendea zake kwenye hori.

"Mtakuja wangapi?" Mwalimu aliuliza, kwa mazoea ya mtu wa hesabu, huku akijipangusa macho kwa mkono uliobaki huru.

"Unaweza kukalisha wangapi?"

Mwalimu alifikiri. Alianza kuhesabu viti kwa midomo, akafika kwenye namba fulani, akaiacha hapo.

"Mje wote," alisema.